Penseli ya Baba

Uwanja wa ndege, Prussia Mashariki
3 Septemba 1944

Dada Walburga,

Pokea salamu zangu, umpe na Baba zake, na zikibaki mpe yule mbuzi wako mwenye roho mbaya, kama bado hujamla. Mimi ni mzima. Soksi zimefika. Keki ya plamu nayo imefika, ila imefika unga. Sisi makanika sita tumeila kwa vijiko na kila mmoja ameomba nikwambie uoke nyingine.

Mwanao Gerwin amewasili Jumanne na begi moja na masikio mawili mekundu. Marubani wenzake walikuwa wanamtazama kwa huruma, maana ana umri wa miaka kumi na tisa na anaonekana wa kumi na tano. Mimi nikajifanya simjui, nimtanie kwanza. Akaja moja kwa moja.

"Mjomba, kumbe wewe ndiye bosi hapa?"

"Bosi ni mwenye petroli," nikamwambia, "na petroli hakuna. Ndege yako itavutwa na ng'ombe mpaka mwanzo wa njia, ndipo uwashe injini."

Alidhani ni mzaha. Jumatano asubuhi akawaona ng'ombe wawili wa mkulima wa jirani wanaikokota ndege yake ya kivita kama jembe, akacheka mpaka akakaa chini. Nilifurahi kumsikia anacheka, dada. Hapa kicheko kimekuwa adimu kuliko petroli.

Sasa sikia jambo lenyewe. Unajua siku hizi aluminiamu ni haba, na ndege zetu za kiti kimoja zinaletwa na mkia wa mbao. Juzi nilifungua kifuniko cha mkia mpya nikaingiza taa ndani. Nikaona maandishi ya penseli: "M. K., 8 Juni, mvua." Ile K yenye mguu mrefu! Mathias Kienle, baba yetu, ameandika ndani ya mkia wa ndege kama alivyokuwa anaandika ndani ya kila kabati, kila kitanda na kila jeneza alilotengeneza tangu kabla hatujazaliwa. Jina, tarehe na hali ya hewa, kwa kuwa gundi hukauka kwa kufuata hali ya hewa. Nilimsikia sikioni: "Kazi usiyoweza kuiandikia jina lako ndani, usiitoe mlangoni." Nililia, usimwambie.

Lakini kuna mikia mingine miwili, ina muhuri wa karakana yetu hiyohiyo ya useremala, na haina penseli. Mvua ya wiki iliyopita imeibambua tabaka kwa tabaka kama kitunguu. Kuna nini huko Tannbronn? Mwulize Baba, na aniandikie mistari yake miwili chini ya barua yako kama kawaida.

Mdogo wako,
Ottmar


Tannbronn
26 Septemba 1944

Mdogo wangu Ottmar,

Barua hii anakuletea Xaver wa mwokaji mikate, aliyekuwa likizo. Haitapita kwa wale wanaofungua bahasha za watu, kwa hiyo nitaandika kama ninavyosema jikoni.

Sisi tupo. Mitufaha imezaa vibaya mwaka huu, ila sharubati ya kuchachusha tumepata mapipa mawili. Mbuzi yupo, juzi ametafuna mkono wa koti la Baba. Baba kifua kinambana lakini bado anaamka saa kumi na moja na kuwagombeza watu wote. Mume wangu Anselm tangu Stalingrad hana kaburi wala barua. Nimeacha kwenda kuuliza ofisini, maana yule binti wa ofisini ameanza kuniona kama mwombaji.

Ulichouliza ni kweli. Gundi yetu ya zamani hatupewi tena. Wanatuletea mapipa ya gundi mpya inayonuka kama choo, na amri ya kufungua vibano vinavyoshika mbao baada ya muda wa saa sita tu. Saa sita! Baba alipoisoma hiyo amri alimwambia mkaguzi usoni mwake:

"Bwana, mbao haijui kama kuna vita. Inataka siku tatu."

Mkaguzi akasema, "Mzee, mimi nataka mikia kumi kwa wiki. Ukinipa mitatu iliyokauka vizuri, hiyo saba nitaitoa wapi mimi?"

Basi wameishi kama paka na panya. Baba anaficha mikia miwili mitatu nyuma ya rundo la mbao ibaki ndani ya vibano siku tatu, na hiyo ndiyo anaiandika. Mingine anaiacha itoke bila penseli. Haizuii, hana uwezo huo. Anageuka tu ukutani inapopakiwa. Paraska, yule mama wa Kiukraina aliyechukuliwa kwao kwa nguvu aje kufanya kazi hapa, mwenye kitambaa cha alama kifuani, ndiye anayemsaidia kuificha. Akikamatwa yeye watamnyonga. Baba watamfokea tu. Anafanya hivyohivyo, na sijui kwa nini.

Ottmar, wewe ndiye unayefunga mikia hiyo. Sikwambii la kufanya. Nakwambia tu kwamba mimi nina mtoto mmoja.

Walburga

Ottmar. Usikaze skrubu kwenye mbao kama chuma, utaipasua. Leo mawingu. Baba.


Prussia Mashariki
2 Novemba 1944

Dada Walburga,

Salamu kwenu nyote. Gerwin ni mzima, amenenepa kidogo, anavaa ile skafu yako ya kijivu hata ndani ya ndege. Mwambie Baba skrubu nakaza kwa vidole viwili. Barua hii inakwenda na majeruhi anayepelekwa Ulm, nami nimeilipia sigara zangu zote.

Sikia nilichofanya. Wiki mbili zilizopita nilikuwa na ndege mbili zilizohitaji mkia, na mikia miwili tu kutoka kwenu. Mmoja una penseli, mwingine hauna. Ndege moja ya Gerwin, ya pili ya Lambert Pohl, kijana wa Silesia, fundi wa kupiga kinanda, aliyekuwa akinipigia ngoma kwa vijiko nikiwa kazini. Sikufikiri hata dakika moja. Wenye penseli nikampa mwanao.

Jumamosi Warusi walikuja na zile ndege zao nzito za mashambulio, wanalima mahandaki yetu kutoka juu kwa mizinga. Vijana wanne waliruka kuwazuia. Pohl akawafuata wawili, akakata kona kali nyuma yao, na mkia ukamwacha, akaanguka akafa. Hakuna Mrusi aliyemgusa. Tuliona kwa macho, tumesimama na vitambaa vya mafuta mikononi. Kwenye ripoti wameandika kwamba alipigwa na adui. Nilipewa nisaini, nikasaini.

Nimefungua barua yako ya Septemba mara nyingi. "Nina mtoto mmoja." Na mama yake Pohl alikuwa na wangapi? Sikulaumu, maana mkono uliofunga ni wangu. Lakini nakuomba kwa jina la mama yetu: usitoe tena mkia usio na penseli. Upasueni, uchomeni, semeni panya wamekula. Mwambie Baba mwenyewe asome mstari huu. Ama aiandike yote, ama karakana ifungwe.

Nasubiri mistari yake miwili.

Ottmar


Tannbronn
3 Desemba 1944

Mpendwa Ottmar,

Tumeipata barua yako na tumefurahi kwamba u mzima. Hapa theluji imeanza. Baba anakusalimu. Hakuandika kwa sababu mkono unamtetemeka na baridi, na sasa hivi amelala.

Kuhusu samani zetu, ondoa wasiwasi. Tangu katikati ya Novemba kila kipande kinatoka na penseli. Mkaguzi amekubali, tena yeye mwenyewe ndiye aliyesisitiza. Na zaidi ya hapo, amenihakikishia kwamba mizigo yetu yote sasa inakwenda magharibi, upande wa Rhine. Huko kwenu haitafika tena, kwa hiyo tusiandikiane tena habari za kazi. Kuna mengine ya kuandika.

Nimemfumia Gerwin glavu. Mwambie avae mbili mbili. Mbuzi tumemla.

Dada yako,
Walburga


Karibu na mto Oder
29 Januari 1945

Dada,

Unaona anwani, huna haja ya kuuliza tumefikaje hapa. Prussia Mashariki tumeiacha na vikombe vya kahawa mezani. Njiani tumepita wanawake na mikokoteni kwenye theluji, na mengine sitaki kuyaandika. Barua yako ya Desemba imenikuta juzi, imezunguka kuliko mimi. Poleni na mbuzi.

Gerwin yupo. Alitua tarehe 20 mkia umetobolewa na risasi za ardhini kama chujio, ule wenye penseli ya Juni, na ulimfikisha. Nimeuzika kwenye tuta la theluji kwa heshima zote. Nikabaki naumiza kichwa nitamfungia upi. Na kumbe Mungu bado anajua njia za reli kuliko mkaguzi wako! Treni lililokuwa liende Rhine limepotezwa huko Berlin, limeletwa kwetu, na ndani kuna mikia minane ya Tannbronn. Nilishika taa nikafungua kifuniko kimoja baada ya kingine. Yote minane ina penseli! Minane, dada, niliwakumbatia makanika wangu kama mlevi. Sikulazimika kuchagua mtoto wa nani apate upi. Tangu Pohl afe, jana ndiyo siku ya kwanza nimelala usingizi wa mtu.

Mwambie Baba namvulia kofia. Mzee wa miaka sabini na moja, na kifua kile, anatoa kazi safi kama hii katikati ya Januari! Ila nimemcheka kidogo. Yote ameandika "jua". 9 Januari, jua. 12 Januari, jua. 16 Januari, jua. Tangu lini Tannbronn ikapata jua wiki nzima mwezi wa Januari? Huyu mzee siku hizi hatoki nje, au amekuwa mpole uzeeni? Na ile K imefupishwa mguu. Mwambie mkono ukipata joto airefushe, tusimsahau.

Wa tarehe 12 nimemfungia Gerwin mwenyewe, kwa vidole viwili. Huyu hapa ananinyang'anya kalamu.

Mama! Babu amenishika mkia, sasa Warusi watanipata wapi? Glavu zimefika, moja ni kubwa kuliko nyingine, ulikuwa unamfumia nani? Mjomba anakoroma kama injini isiyo na plagi. Nataka maandazi yako ya viazi, ya kukaanga, na sharubati, na kulala mchana. Tutakuja. G.

Nimemaliza mimi, Ottmar


Tannbronn
8 Februari 1945

Ottmar,

Ondoa mkia huo. Acha kusoma, nenda ukauondoe, ndipo urudi usome.

Baba alifariki tarehe 9 Novemba kwa kichomi. Barua yako ya Pohl ilifika tarehe 14, hakuisoma. Tumemzika karibu na Mama, ndani ya jeneza alilojitengenezea mwenyewe mwaka wa thelathini na nane, lenye jina lake ndani na neno "ukungu".

Mkono ulioandika jua ni wangu. Yote minane ni mimi. Mkaguzi alikuja siku tatu baada ya mazishi, hata kofia hakuvua. Akasema makanika viwanjani wameanza kukataa mikia isiyo na penseli. Nikamwambia aliyekuwa anaandika amekufa. Akacheka: "Mzee amekufa, penseli haijafa. Andika wewe, mama. Au unataka niandike mimi kwamba hapa kuna watu wanaohujumu jeshi?" Akamtazama Paraska alipokuwa anasema hivyo. Akaiona barua yako ya Pohl mezani, akaisoma, akasema tena nikikuandikia wewe neno moja juu ya hili, barua itasomwa, na wewe ndiye utakayeulizwa umesaini nini kwa Pohl. Basi nilikaa kimya. Nilikunyima kifo cha baba yako.

Hakuna siku tatu tena, ni saa sita, wakati mwingine nne. Gundi inaganda kwenye brashi kwa baridi. Naandika jina la Baba juu ya ubao ambao bado una majimaji. Niliandika jua kwa sababu Baba alikuwa anasema gundi hupenda jua, na kwa sababu sikuwa na uso wa kutazama nje.

Nitakwambia na hili, kwa kuwa Padri simwambii. Nilipoambiwa inakwenda Rhine, nilishukuru. Nilijua kuna watoto wa watu huko. Nilijua vizuri, nikajisemea: si wangu. Siku ya kwanza nilipoandika, Paraska alisimama nyuma yangu na taa. Baadaye alichukua ile penseli ya Baba, akaifuta kwa aproni yake, akairudisha mahali pake.

Posta wamekataa telegramu, wanasema ni za jeshi tu. Nimeandika barua hii mara tatu. Moja naipeleka posta, ya pili nampa dereva wa lori la maziwa anayekwenda Ulm, ya tatu nampa askari yeyote nitakayemwona stesheni anapanda treni la kaskazini. Waifungue, waisome, waje wanichukue. Mbao haikukauka, Ottmar. Mvunjie skrubu, mvunjie mguu mtoto, fanya lolote asiruke.

Walburga


Mecklenburg
5 Machi 1945

Walburga,

Mimi ni mzima. Barua yako imenifikia tarehe 2 Machi, ile ya askari wa stesheni. Alikuwa ameikunja ndani ya kiatu, na maji yamefuta nusu ya salamu, kama ulitia salamu.

Gerwin alianguka tarehe 11 Februari, saa tatu na dakika ishirini asubuhi. Waliruka watatu kwenda kupiga madaraja ya Warusi juu ya Oder. Alishusha bomu lake, akainua pua ya ndege na kugeuka kurudi nyumbani. Mwenzake aliyekuwa kulia ameniambia mkia haukupigwa na kitu chochote. Ulifunguka. Ameniambia hivyo chooni, kwa kunong'ona, maana alishaandika ripoti na ndani yake alipigwa na adui. Safari hii sikuombwa kusaini, kwa kuwa mimi ni ndugu. Utapata karatasi yenye maneno mazuri. Usiitundike.

Ndege iliangukia upande wetu, kwenye shamba la viazi vya sukari. Nilikwenda na ng'ombe wa mkulima wa huko, kama wale wa Prussia. Tumemzika kijijini na skafu yako. Glavu alikuwa amevaa ile kubwa mkono wa kushoto.

Nimekuwa na siku tatu za kukutukana, na nimezitumia zote. Nimekuita majina ambayo Mama angenioshea mdomo kwa sabuni. Halafu nikakumbuka mimi niliona jua la Januari, nikacheka. Miaka kumi na minne nimefanya kazi benchi moja na Baba. Najua hakuwahi kuandika jua pasipo jua, hata siku ya harusi yako aliandika mvua ya mawe. Niliona ile K fupi. Ningejiuliza kwa dakika moja tu, ningeelewa. Sikutaka kujiuliza, nilitaka kulala.

Na siku ya Pohl nilijua wazi, nikamfungia mkia ule. Wewe ulisema si wako, nami nilisema si wetu. Kwa hilo sina cha kukusamehe na wewe huna cha kunisamehe. Watakaotusamehe au kutukatalia ni akina mama wengine, na majina yao hatuyajui. Mikia saba iliyobaki niliifungua siku ile ile niliyomzika, kabla barua yako haijafika, nikaipasua kwa shoka mbele ya kila mtu. Ofisa akaniuliza kama nimechoka kuishi. Nikamwambia, "Panya wamekula." Sijui kwa nini hakunipiga risasi. Nadhani naye amechoka.

Mwache Paraska aende. Mpe koti la Baba na mkate, usingoje Wamarekani wafike ndipo uonekane mwema.

Sitarudi Tannbronn. Nikipona vita hii, nitatafuta kazi ya chuma. Benchi ni lako, na penseli ni yako.

Ndani ya bahasha kuna kipande cha plaiwudi, upana wa viganja viwili. Nimekikata mwenyewe kutoka kwenye mkia wake, kwa hiyo usidhani kuna mtu aliyekosea. Upande mmoja kuna mkono wako: "M. K., 12 Januari, jua." Ukikigeuza utaona wangu. Nimeandika kama tulivyofundishwa, nikiwa nimesimama palepale shambani na kutazama juu kwanza.

O. K., 11 Februari, theluji ya maji.